Nani Apime Mahindi Yetu? Taasisi Huru za Utafiti na Jumuiya ya Afrika Mashariki



Mwanzoni mwa Machi 2021, mamlaka inayosimamia kilimo na chakula nchini Kenya iliandika barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Sababu iliyotolewa ilikuwa sumukuvu. Malori yaliyokwisha kupakia yakakwama, wenye mzigo wakaanza kuhesabu hasara, na baada ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena ije na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Ajabu ni kwamba kiwango hicho cha 10 hakikuwa kipya. Kilikuwemo tayari katika viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki, ambavyo nchi zote tatu zilikuwa zimeviridhia. Kwa hiyo ugomvi haukuhusu kanuni, maana kanuni tulikuwa nayo. Tulichokosa ni mpimaji ambaye Nairobi, Dodoma na Kampala zingemwamini kwa pamoja.

Anayejua biashara ya nafaka ataelewa kwa nini mpimaji ana uzito kuliko kanuni. Sumukuvu haienei sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zilizoota ukungu zinaweza kubeba sumu nyingi, na zilizo pembeni yake zikawa safi kabisa. Mkaguzi akichoma bambo upande huu wa gunia anapata jibu moja, akichoma upande wa pili anapata jingine, na yote mawili ni ya kweli. Umechukua sampuli ngapi? Kutoka magunia mangapi? Ulizichanganya vipi kabla ya kuzisaga? Mahindi yale yale yanaweza kufaulu upande mmoja wa mpaka na kufeli upande wa pili bila mtu yeyote kusema uongo. Na pale ambapo kila upande unapima kwa mkono wake na kwa siri yake, ni rahisi mno kuamini kwamba mwenzako ndiye mwongo.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2017, vifaranga 6,400 vilivyoingia kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto Namanga, upande wa Tanzania, kwa hofu ya mafua ya ndege. Picha zilisambaa, watu wakalaumiana kwa wiki kadhaa. Sina haja ya kurudia maneno yaliyosemwa. Ninachotaka tukiangalie ni kwamba katika kelele zote zile hakujitokeza mtu asiye wa serikali hii wala ile, mwenye maabara na mwenye jina, akasema: tumepima, na hali ni hii.

Mada niliyopewa leo ni mchango wa taasisi huru za utafiti wa sera katika maendeleo ya ukanda wetu. Kwa desturi mada hii huzungumzwa kwa sifa: taasisi hizi huishauri serikali, hujenga uwezo, hukutanisha wadau. Yote hayo ni kweli na yote yanachosha. Mimi nitasema jambo moja tu. Uhuru wa taasisi hujulikana siku inapotoa takwimu inayomkera mkubwa, awe mkubwa huyo ni serikali au mfadhili. Na ukanda hujulikana kuwa ukanda siku takwimu hiyo inapovuka mpaka ikaaminiwa upande wa pili. Kwa kipimo hicho tuna mafanikio machache, ila ni ya kweli.

Niguse historia kidogo, maana vijana wengi hawajui kwamba Afrika Mashariki iliwahi kujichunguza kama eneo moja. Kabla Jumuiya ya kwanza haijavunjika mwaka 1977, utafiti wa kilimo na misitu wa nchi zote tatu ulikuwa na makao Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Samaki wa maji baridi walichunguzwa Jinja, wa baharini Zanzibar. Virusi Entebbe, ndiko kilikotambuliwa kirusi cha Zika mwaka 1947. Malaria Amani, kwenye milima ya Usambara. Viuatilifu hapa hapa Arusha. Ukoma Alupe, karibu na Busia. Mbu na mbung'o hawakuulizwa uraia wao.

Jumuiya ilipokufa, vituo hivyo viligawanywa kama mali ya marehemu. Kila nchi ilichukua majengo yaliyokuwa ndani ya mipaka yake, ikatunga sheria na kuyapa majina mapya. Mwaka 1979 pekee Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa tiba na Tanzania ikaunda ya kwake. Sidai kwamba vituo vile vilikuwa huru, maana vilizaliwa na ukoloni na vikarithiwa na serikali. Lakini swali la mtafiti wa Muguga lilikuwa pana kuliko nchi moja, na upana huo ndio tulioupoteza. Majengo yalibaki.

Kisha ikaja miaka ya 1980 na masharti ya marekebisho ya uchumi. Serikali zetu zilikaa mezani na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa huku takwimu nyingi za uchumi wetu zikiwa kwenye makabrasha ya upande wa pili. Vyuo vikuu vilikuwa hoi. Ni katika jeraha hilo zilizaliwa taasisi tunazozifahamu leo. Muungano wa Utafiti wa Uchumi wa Afrika, AERC, ulianza Nairobi mwaka 1988 na ukawafundisha wachumi wa bara zima. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 zikaja ESRF na REPOA Dar es Salaam, EPRC kwenye viwanja vya Makerere, na IEA Nairobi. Baadaye Kenya ikaanzisha KIPPRA, ambayo ni ya serikali na haijifichi kuwa ya serikali, na kwa sheria yake huandaa ripoti ya uchumi kila mwaka. Rwanda nayo ikapata IPAR.

Taasisi hizi zimefanya kazi kubwa. Mikakati ya kupunguza umaskini, bajeti, sera za kilimo, vyote vimepita mikononi mwao. Ila karibu kila moja hutazama ndani ya uzio wa nchi yake, kwa sababu anayeisikiliza ni waziri wa nchi yake na anayelipia huandika mkataba wa nchi moja. Jumuiya mpya ilizinduliwa mwaka 2000, ikapata umoja wa forodha mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010, na sasa ina wanachama wanane, kuanzia Kinshasa hadi Mogadishu. Utafiti haukutembea kwa kasi hiyo.

Mfano mmoja wa tofauti nataka kukaa nao, kwa sababu nauona kuwa bora kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Unaitwa Uwezo.

Uwezo ulianza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda chini ya shirika la Twaweza, kwa kuiga kazi iliyofanywa vijijini India na shirika la Pratham. Wazo lake lilikuwa jepesi kiasi kwamba baadhi ya wasomi walilicheka. Wanachukuliwa watu wa kujitolea katika kila wilaya, wanaelekezwa kwa siku chache, kisha wanatumwa maeneo 30 ya wilaya hiyo, kaya 20 kila eneo. Kipimo hakifanyiki shuleni. Wanakwenda nyumbani, kwa sababu mtoto ambaye hajaandikishwa shule hapatikani shuleni, na yule mtoro pia.

Anayejitolea anapiga hodi, anakaribishwa, anaeleza shida yake. Mtoto anaitwa, labda alikuwa anachota maji. Wanakaa mkekani au chini ya mwembe, anapewa karatasi. Juu kuna silabi. Akizisoma, anapewa maneno. Akiyaweza, aya fupi. Akiiweza, hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na maswali mawili kuonyesha kwamba ameelewa alichokisoma. Hesabu ni hivyo hivyo: kutambua namba, kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Hakuna chumba cha mtihani wala namba ya mtahiniwa, na mama au bibi anaangalia yote. Kazi ikiisha, mzazi anaambiwa papo hapo: mwanao anasoma maneno, aya bado.

Hapo ndipo palipo na akili ya jambo lenyewe. Ripoti nyingi za utafiti humfikia waziri, na mwananchi aliyehojiwa haoni hata jalada. Hii ilianzia kwa mzazi ndipo ikapanda kwa waziri. Mzazi aliyekuwa akiona daftari limejaa alama za vyema alishuhudia kwa macho yake kwamba mtoto wa darasa la nne anasita mbele ya sentensi ya darasa la pili.

Matokeo ya miaka ya mwanzo yalikuwa mazito. Kwa wastani wa nchi zote tatu, watoto wa darasa la tatu walioweza kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili hawakufika theluthi moja. Kumbuka hizo ndizo zilikuwa siku za kusherehekea uandikishaji. Tulikuwa tumejenga madarasa, tumefuta ada ya shule ya msingi, tumejaza madawati pale yalipokuwepo, na takwimu za serikali zote tatu zilipanda mwaka hadi mwaka. Zilikuwa za kweli. Zilihesabu vichwa vilivyoingia mlangoni, na Uwezo ukauliza vichwa hivyo vilitoka na nini.

Kulikuwa na upinzani wenye hoja, na wa kisiasa pia. Walimu walilalamika kwamba elimu ni zaidi ya kusoma hadithi fupi, na hapo wana haki. Wataalamu walionya kwamba kuzilinganisha nchi hizi si rahisi: mtoto wa Tanzania anafundishwa kwa Kiswahili, mwenzake wa Uganda alipimwa kwa Kiingereza, lugha ambayo pengine haisikii nyumbani. Nayo hoja hiyo ina uzito, na Uganda baadaye iliongeza lugha za kienyeji kwenye kipimo chake. Lakini angalieni aina ya ubishi uliozuka: watu walibishania namna ya kupima, kwa sababu karatasi ya kipimo ilikuwa wazi kwa kila mtu. Hapakuwa na nafasi ya kusema kwamba majirani wametuchafulia jina, kwa kuwa majirani walikuwa kwenye jedwali lile lile.

Mwaka 2015 Tanzania ilibadilisha mtaala wa darasa la kwanza na la pili, mkazo ukawekwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK. Mwaka huo huo Kenya ilianza programu ya usomaji ya Tusome. Itakuwa majigambo kusema Uwezo ndio uliofanya hayo, kwani wafadhili, wizara na walimu wenyewe walikuwa na sehemu yao. Nadhani hata hivyo kwamba mjadala ule usingekuwepo, fedha zingeendelea kwenda kwenye kuta na mabati.

Kutoka hapo Twaweza walikwenda hatua ambayo taasisi nyingi huiogopa: kujaribu dawa badala ya kutaja ugonjwa tu. Jaribio la KiuFunza lilifanyika Tanzania mwaka 2013 na 2014 katika shule 350. Shule za kundi la kwanza zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi moja kwa moja, bila kupitia ofisi za katikati ambako fedha zina tabia ya kupungua. Katika shule za kundi la pili, walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo. Shule za kundi la tatu zilipata vyote viwili, na za kundi la nne hazikupata kitu.

Ruzuku peke yake haikuongeza ufaulu. Hili liliwauma wengi, mimi nikiwemo, kwa sababu sote tulikuwa tumepigania ruzuku zifike shuleni. Sehemu ya sababu ni kwamba fedha zilipofika, wazazi walipunguza walichokuwa wakitoa mfukoni. Ni akili ya kawaida ya mwenye kipato kidogo, na hakuna mpanga bajeti aliyeiweka kwenye hesabu. Ruzuku na bonasi vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi, na zaidi ya jumla ya athari za kila kimoja kikiwa peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika moja ya majarida makubwa ya uchumi duniani. Jambo la kupendeza zaidi kuliko jarida ni kwamba taasisi ilitangaza hadharani kuwa jambo ililolipigania halitoshi. Huo nao ni uhuru: kuwa huru na imani zako mwenyewe.

Sasa upande mchungu. Twaweza hao hao walikuwa na mradi mwingine, Sauti za Wananchi, ambao uligawa simu kwa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kote Tanzania Bara, kisha ukawa unawapigia kuwauliza kuhusu maji, hospitali, usalama, na pia viongozi. Julai 2018 walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliandika barua kudai maelezo ya kibali cha utafiti ikiwapa siku saba, na mkurugenzi mtendaji wao, Aidan Eyakuze, alinyang'anywa pasipoti. Septemba mwaka huo Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa kwa namna ambayo anayechapisha takwimu za kupotosha au kukanusha takwimu rasmi angeweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa miaka isiyopungua mitatu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani, na Juni 2019 Bunge lililegeza sheria ile, kosa la kuchapisha takwimu tofauti na za serikali likaondolewa. Ni vizuri ililegezwa. Ila tujiulize kwa nini sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Washington. Vyuo vikuu vyetu vilikuwa kimya, vyama vya kitaaluma vikanong'ona, na taasisi dada za nchi jirani, ambazo zingeweza kusema kwa usalama zikiwa ng'ambo ya mpaka, nyingi zilitazama pembeni. Taasisi huru iliyo peke yake katika nchi yake hunyamazishwa kwa barua moja. Zikiwa kumi katika nchi nane, zinazochapisha jedwali moja siku moja, barua hiyo inapaswa kuandikwa mara nane, na si rahisi serikali nane zikaudhika kwa wakati mmoja.

Hiyo ndiyo maana yangu ninaposema ukanda. Wengi huona kwamba Jumuiya inahitaji taasisi hizi ili ifanye sera nzuri. Naona pia kinyume chake: taasisi hizi zinahitaji Jumuiya ili zibaki hai.

Kuhusu wafadhili nitasema kwa ufupi, maana kila aliyewahi kuandika maombi ya fedha anajua. Kwa miaka 10, hadi 2019, mpango mmoja mkubwa uliosimamiwa na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, uliwapa watafiti wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kitu adimu: fedha za uendeshaji zisizofungwa na mradi. Katika awamu yake ya pili ulisaidia taasisi 43 katika nchi 20, zikiwemo za kwetu. Mpango ulipoisha, wengi walirudi kukimbizana na miradi ya miezi 18. Mwaka huu mtindo ni umaskini, mwaka ujao vijana, mwaka keshokutwa tabianchi, na mtafiti yule yule anageuka bingwa wa yote matatu. Nasema kwa utani, ila si utani. Kisha mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, na uchunguzi wa kaya kuhusu afya na uzazi, ambao wizara zetu zimeutegemea kwa miongo kadhaa kujua watoto wangapi wanakufa na akina mama wangapi wanajifungulia kituoni, ukasimamishwa pamoja nalo. Takwimu za vitanda vya kujifungulia vya Singida na Gulu zilikuwa zinategemea uamuzi wa mji ambako hakuna mmoja wetu anayepiga kura.

Wapo wanaopendekeza basi Jumuiya yenyewe ilipie. Ina Kamisheni ya Sayansi Kigali, ya utafiti wa afya Bujumbura, ya Kiswahili Zanzibar, na Baraza la Vyuo Vikuu Kampala. Ni vyombo vizuri, lakini mwajiri wao ni serikali zile zile, na bajeti yao inategemea michango ambayo mara nyingi huchelewa. Afisa wa chombo kama hicho hataandika kwamba mahindi ya mwanachama anayelipa mshahara wake yana sumu.

Mimi napendekeza mfuko, na napendekeza uanzie hapa nyumbani. Benki za Kenya zina matawi Kigali, Kampala na Kinshasa. Benki moja ya biashara ya Tanzania ipo Bujumbura na Lubumbashi. Kampuni za simu, bima na mifuko ya hifadhi ya jamii zinaweka fedha za wananchi wetu katika masoko ambayo hakuna aliyeyapima kwa jicho la ukanda. Hao tayari wananunua utafiti, wanaufungia kabatini. Wachangie kapu moja, kwa kanuni mbili tu zilizoandikwa kwenye katiba yake: mchangiaji mmoja asivuke sehemu ya kumi ya fedha zote, na hakuna mchangiaji wala serikali itakayoona ripoti kabla ya siku inapotolewa kwa wote. Muhtasari utoke kwa Kiswahili, ambacho tangu 2021 ni lugha rasmi ya Jumuiya, na data ghafi ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Mbeya au Eldoret anaweza kuzipakua na kutukosoa.

Kazi ya kwanza ya kapu hilo naipendekeza iwe maabara tatu za nafaka, moja kila nchi kati ya zile tatu zilizogombana mwaka 2021, zinazobadilishana sampuli bila kujua zimetoka upande gani, na kutangaza majibu kila mwezi wa mavuno. Wenye mahindi watajua mapema. Wenye kusaga sembe watajua pia. Na kwa kanuni ile ya sehemu ya kumi, benki au kampuni yoyote ikiudhiwa na majibu ya mwezi mmoja ikaamua kujitoa, mezani zitabaki angalau sehemu tisa kati ya kumi, na bambo litachomwa mwezi unaofuata.